Bunduki Ikatwe kwa Kipimo cha Mwili

Teke la bunduki ya marisau, yaani ule msukumo unaokirudisha kitako nyuma kwa ghafla mara tu baruti inapolipuka, mara nyingi huhesabiwa kuwa mtihani wa ujasiri, na mtu mwenye mwili mdogo anayetoka porini akiwa na bega lililovilia damu au shavu lililovimba huambiwa kwamba bado hajakomaa na kwamba siku moja atazoea. Hukumu hiyo ni ya makosa, tena madhara yake ni makubwa kuliko maumivu yenyewe, kwa kuwa maumivu humfundisha mpigaji kufumba macho na kukaza bega kabla ya mlio, na anayepiga akiwa amefumba macho hujeruhi mnyama badala ya kumuua, au hupeleka marisau mahali asipopaona. Ukubwa wa teke hautokani na moyo wa anayelipokea. Hutokana na uzito wa bunduki, uzito na kasi ya kile kinachotoka mtutuni, muda ambao msukumo unachukua kuingia mwilini, na namna kitako kinavyolingana na umbo la anayekishika. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ndilo ambalo fundi mwenye msumeno mzuri na subira anaweza kulirekebisha kwa gharama ndogo.

Katika mji wa Bukavu na vilima vinavyouzunguka upande wa kusini wa Ziwa Kivu, suala hili lina historia yake. Bunduki za kuwindia zilizoingia Kongo wakati wa ukoloni zilitoka kwa wingi Ubelgiji, na hasa Liège na kitongoji chake cha Herstal, ambako ufundi wa silaha ni wa karne nyingi, na ambako nyumba ya kujaribia mitutu, inayothibitisha kwamba chuma kinastahimili mlipuko kabla silaha haijauzwa, imekuwako tangu mwaka 1672. Anayeifungua bunduki kuukuu ya Kibelgiji na kuitazama chini ya mitutu, pale ambapo mbao huficha chuma, huona alama ndogo yenye umbo la yai iliyoandikwa herufi ELG, ambayo ni muhuri wa nyumba hiyo, pamoja na nambari zinazotaja kalibri na urefu wa chemba. Ni maandishi madogo yanayohitaji kitambaa chenye mafuta na mwanga wa kutosha ili yasomeke, lakini kila mmiliki angepaswa kuyasoma kabla ya kununua hata risasi moja.

Bunduki hizo hazikukusudiwa kwa wenyeji. Mkataba Mkuu wa Brussels wa mwaka 1890 ulikataza kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, tangu latitudo ya digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini, isipokuwa kwa watu wachache walioruhusiwa na serikali za kikoloni, huku gumegume za kiberiti cha jiwe na baruti ya kawaida zikiachiwa mlango wazi. Kwa hiyo, kwa miongo mingi, bunduki inayofunguka nyuma na kupokea risasi iliyokwisha kutengenezwa ilikuwa mali ya ofisa, mlowezi na padri, na kitako chake kilikatwa kwa kipimo cha mwanamume wa Ulaya mwenye kimo cha kati na mikono mirefu. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 silaha nyingi za namna hiyo zilibaki nchini na kurithiwa, lakini mbao hazikubadilika pamoja na wenye nazo. Mwanamke wa Kongo ana kimo cha wastani kisichofika mita 1.60, ilhali mwanamume wa Ubelgiji wa leo hukaribia mita 1.80, na tofauti hiyo ya kimo huambatana na tofauti za urefu wa mkono, upana wa kifua na urefu wa shingo, ambazo zote hukutana mahali pamoja, yaani pale kitako kinapogusa bega na shavu.

Yafaa kueleza mapema ni nani anayezungumziwa hapa, kwa sababu katika jimbo ambalo bunduki imekuwa chanzo cha misiba kwa takriban miaka 30, na ambalo mji wake mkuu, Bukavu, uliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025, hakuna maneno kuhusu silaha yanayoweza kuandikwa bila uangalifu. Anayezungumziwa ni mtu mzima, mwanamke au mwanamume, anayemiliki bunduki ya marisau kihalali kwa kufuata sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985, na anayewinda pale panaporuhusiwa na sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, inayowataka wawindaji kuwa na vibali na inayowalinda wanyama adimu kabisa. Mtoto hayumo katika mjadala huu, na sababu yake itaelezwa kwa urefu mbele.

Asili ya teke ni kanuni aliyoiandika Isaac Newton mwaka 1687, kwamba kila msukumo huzaa msukumo unaolingana nao upande wa pili, hivyo marisau yanapokimbilia mbele, bunduki hulazimika kurudi nyuma. Neno kalibri linalotumika kwa silaha hizi lina hesabu ya zamani: kalibri 12 ni mtutu ambao tundu lake linapokea mpira wa madini ya risasi wenye uzito wa sehemu moja ya 12 ya ratili, na kalibri 20 ni mtutu unaopokea mpira wa sehemu moja ya 20, ndiyo maana nambari ikikua tundu hupungua. Risasi ya kalibri 12 yenye gramu 28 za marisau yanayotoka kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde, ikipigwa kwa bunduki ya kilo 3.2, huirudisha bunduki hiyo kwa kasi ya mita 4 hivi kwa sekunde, ikiwa na nishati ya takriban joule 26, ambayo ni kama mfuko wa unga wa kilo mbili na nusu na ushei kuangushwa begani kutoka kimo cha mita moja. Risasi hiyo ikibadilishwa kwa yenye gramu 36, nishati hupanda hadi joule 41 hivi, na bunduki ikiwa nyepesi, tuseme kilo 2.6, hufika joule 50. Mpigaji huyo huyo akirudi kwenye bunduki ya kilo 3.2 na kutia risasi ya gramu 24, hupokea joule 20 tu.

Hesabu hizo zinabomoa ushauri unaotolewa mara nyingi kwa wanawake na watu wembamba, kwamba wachukue bunduki nyepesi ya kalibri 20 kwa kuwa ni ndogo. Kalibri yenyewe haina teke. Bunduki ya kalibri 20 yenye kilo 2.7 inayorusha gramu 24 hupiga bega kwa joule 24 hivi, yaani zaidi ya ile ya kalibri 12 yenye kilo 3.2 inayorusha uzito uleule, kwa sababu wepesi unaopendeza wakati wa kupanda mlima hulipiwa wakati wa kufyatua. Bunduki ndogo humfaa mtu mdogo pale tu inapolishwa risasi ndogo, na kwa mtu anayewinda kanga au kwale, gramu 24 zilizopelekwa mahali panapostahili hutosha kuliko gramu 36 zilizotawanywa na mtu anayeogopa silaha yake. Kasi nayo ina uzito katika jambo hili, kwani ikiongezeka kwa sehemu moja ya kumi, nishati ya teke huongezeka kwa karibu sehemu mbili za kumi, ilhali ndege hatambui tofauti hiyo.

Kabla ya kugusa mbao, mwenye bunduki kuukuu ya Liège anapaswa kupima chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea risasi. Bunduki nyingi za Ulaya zilizotengenezwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 zina chemba ya milimita 65, hali risasi zinazouzwa sana leo ni za milimita 70. Risasi ndefu huingia bila tatizo katika chemba fupi, kwa sababu kipimo chake hutajwa ikiwa imekwisha kufunguka, lakini mdomo wake unapofunguka wakati wa mlipuko hukosa nafasi na kuubana mzigo unaopita, kisha mgandamizo huzidi, teke huwa kali kuliko kawaida, na mtutu uliochoka huweza kupasuka. Mtu akisikia bunduki ya babu inapiga teke kupita kiasi, huenda hilo si suala la bega hata kidogo, na hatua ya kwanza ni kuiacha kuitumia mpaka ipimwe. Hali ni mbaya zaidi kwa bunduki za kienyeji zilizofuliwa kwa mabomba ya chuma, ambazo hazikuwahi kujaribiwa na yeyote na ambazo hakuna kitako kinachoweza kuzifanya ziwe salama.

Vipimo vinne vya kitako ndivyo vinavyoamua kama teke litamuumiza mtu au litapita mwilini bila madhara. Cha kwanza ni urefu, unaopimwa kutoka kwenye kifyatulio hadi katikati ya uso wa nyuma wa kitako. Viwandani urefu huo huwa kati ya sentimeta 36 na 37, na watu wengi wenye mwili mdogo huhitaji sentimeta 32 hadi 34. Kitako kirefu kupita kiasi hunasa kwenye nguo chini ya kwapa wakati wa kuinuliwa, na mpigaji, ili kukinasua, hukisukuma nje hadi kikae juu ya msuli wa mkono au kwenye ncha ya kiungo cha bega, mahali penye mfupa na nyama kidogo, kisha hunyoosha shingo kuufuata mtutu na kuegemeza kiwiliwili nyuma ili asizidiwe na uzito ulio mbali naye. Mlipuko unapotokea katika hali hiyo, hakuna kitu nyuma ya bega cha kulisaidia, na mtu huyumba. Kitako kifupi mno nacho hukileta kidole gumba karibu na pua kiasi cha kuigonga. Njia ya zamani ya kupima, ya kuweka kitako kwenye kunjo la kiwiko na kutazama kama kidole kinafika kwenye kifyatulio, inapotosha, kwa kuwa haizingatii shingo wala kifua wala upana wa bega. Kipimo cha kuaminika hupatikana bunduki, iliyothibitishwa kuwa tupu, ikiwa imeinuliwa na kukaa begani kikamilifu, ambapo kati ya pua na fundo la kidole gumba panapaswa kubaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Yafaa pia kupima mtu akiwa na koti atakalowinda nalo, kwa sababu asubuhi za mvua katika nyanda za juu za Kivu ni za baridi, na koti zito huongeza sentimeta nzima au zaidi ambayo haikuwako dukani.

Kipimo cha pili, ambacho ndicho chanzo cha mashavu yaliyovimba, ni kushuka kwa mgongo wa kitako chini ya mstari wa mtutu. Mstari huo ukirefushwa nyuma kwa rula ndefu, mgongo wa kitako cha kawaida huwa milimita 38 hivi chini yake upande wa mbele, na milimita 55 hadi 60 upande wa nyuma, maana yake mgongo unateremka kuelekea begani. Bunduki inaporudi nyuma wakati wa mlipuko, sehemu ya mbele iliyo juu zaidi hupita chini ya shavu lililokuwa limelalia sehemu ya nyuma iliyo chini, na mteremko huo hugeuka kuwa kabari inayougonga mfupa wa shavu kutoka chini. Kadiri tofauti ya mbele na nyuma inavyokuwa kubwa, ndivyo kofi linavyokuwa zito. Mtu mwenye shingo ndefu na mabega yaliyoteremka, umbo linalowapata wanawake wengi, hutatizika zaidi, kwa sababu bega lake linataka kitako kiwe chini na jicho lake linataka mgongo uwe juu. Jibu lililobuniwa na mafundi ni mgongo ulioinuliwa na kunyooka sambamba na mtutu, kisha kushuka kwa ngazi karibu na mwisho, ili shavu lipate mahali tambarare pa kulala hata bunduki ikirudi nyuma. Kwa mtu asiye na fundi wa kazi hiyo, vipande vya ngozi vilivyofungwa juu ya mgongo kwa tabaka nyembamba huleta sehemu kubwa ya faida hiyo.

Kipimo cha tatu ni kupinda kwa kitako pembeni kidogo, kulia kwa anayetumia mkono wa kulia, ili jicho lifike juu ya mtutu bila shingo kukunjwa. Hapa hapahitaji maneno mengi, isipokuwa kwamba mwenye mkono wa kushoto aliyepewa bunduki iliyopindishwa kulia atapigwa shavuni daima bila kujua sababu. Kipimo cha nne ni pembe ya uso wa nyuma wa kitako, nacho kimepuuzwa isivyostahili. Uso huo ukikatwa wima kabisa, ncha ya chini huchimba kifua kabla sehemu ya juu haijagusa bega, na nguvu yote ya teke huingilia eneo dogo lenye ukubwa wa dole gumba. Kwa wanawake jambo hilo huwa maumivu makali ya titi ambayo wengi huyavumilia kimya kwa kuona aibu kuyataja mbele ya wanaume wanaowafundisha. Dawa yake ni kuikata ncha ya chini iingie ndani kidogo na kuigeuza nje pembeni, hadi uso wote wa kitako uenee kwenye lile bonde lililo kati ya mtulinga na kiungo cha bega, kwa kuwa nguvu ileile ikisambazwa katika eneo kubwa huwa si kitu.

Kazi yenyewe inamfaa seremala makini, na mtaa wa Kadutu mjini Bukavu haukosi watu wanaojua kusoma nyuzi za mbao. Bunduki ikishathibitishwa kuwa tupu, na mitutu ikishatenganishwa na kitako, bamba la nyuma hufunguliwa, na tundu linaloonekana ndani hukaguliwa, kwani katika bunduki zenye mitutu iliyolala mmoja juu ya mwingine kitako hushikiliwa na boliti ndefu inayopita ndani yake, wakati zile za mitutu inayolala ubavu kwa ubavu huwa na skrubu zinazoshika shingo ya kitako. Unene wa kipande cha mpira kitakachowekwa nyuma ya kitako baadaye, ambao huwa milimita 20 hadi 25, hujumlishwa katika hesabu, kisha mbao hufungwa utepe wa gundi pale msumeno utakapopita ili varnishi isichanike, na mkato hufanywa kwa msumeno wa meno madogo, milimita tano tano, huku mwenye bunduki akiinua na kujaribu baada ya kila mkato. Haraka hapa ni adui. Shingo ya kitako nayo hupunguzwa kwa tupa ikiwa vidole vya mwenye bunduki havifiki, kwa sababu kiganja kidogo kinachonyosheka kutafuta kifyatulio hulegeza mshiko, na mshiko uliolegea huipa bunduki nafasi ya kupata kasi kabla ya kugonga.

Kukata mbao kuna gharama moja isiyoonekana mara moja, nayo ni kwamba uzito wa nyuma hupungua na mtutu huanza kuelemea mbele, jambo linalomchosha mtu mwenye mikono myembamba. Marekebisho yake hupunguza teke pia: tundu huchimbwa ndani ya kitako chini ya mpira, na kipande cha madini ya risasi hukazwa humo kisicheze, hadi bunduki isimame sawa ikishikwa karibu na bawaba yake. Gramu 300 zilizowekwa mahali hapo hupunguza nishati ya teke kwa karibu sehemu moja ya kumi, na kwa kuwa ziko karibu na mwili hazihisiwi sana wakati wa kulenga.

Mpira wa nyuma haupunguzi nguvu yenyewe, bali huirefusha katika muda, hivyo kile ambacho kingefika begani kwa pigo moja kali hufika kama msukumo. Ndiyo maana sponji la godoro, ambalo hubanwa lote katika nusu ya kwanza ya mwendo, halina faida kubwa, na mpira mgumu wa tairi hauna faida yoyote, wakati mpira uliotengenezwa kwa vishimo vya ndani hubanwa polepole hadi mwisho. Kanuni hiyohiyo ya muda ndiyo iliyofanya bunduki zinazojipakia ziwe laini begani. Ile iliyobuniwa na Mmarekani John Browning na kutengenezwa na kiwanda cha FN cha Herstal tangu mwanzoni mwa karne ya 20, inayojulikana kwa jina la Auto-5, huruhusu mtutu mzima urudi nyuma juu ya springi, ukizuiwa na kipete kinachosugua bomba la kuhifadhia risasi. Kipete hicho hupangwa kwa namna mbili, kwa risasi nzito na kwa risasi nyepesi, na mwenye bunduki hiyo anayelalamika juu ya teke anapaswa kwanza kuifungua na kutazama, kwa sababu kipete kilichopangwa kwa risasi nyepesi wakati anatumia nzito, au bomba lililojazwa mafuta hadi msuguano ukapotea, huufanya mtutu ugonge mwisho wake kwa kishindo ambacho bega hukipokea chote.

Mlio pia ni sehemu ya teke, ingawa hauna uzito. Bunduki ya kalibri 12 hutoa mlio unaozidi desibeli 140, kiwango ambacho sikio huweza kudhurika kwa mara moja, na ubongo hauwezi kutenganisha kishindo cha sikioni na kishindo cha begani. Mtu aliyeziba masikio vizuri husema teke limepungua, na kwa maana ya jinsi mwili unavyojibu, anasema kweli. Mwalimu mwenye busara huanza na jambo hilo, kisha humfundisha mwanafunzi kuweka uzito kwenye mguu wa mbele, kuinamia silaha, na kulileta shavu kwenye mbao na kitako begani kwa wakati mmoja. Akishuku kwamba woga umekwisha kuingia, huchanganya risasi bandia zisizo na baruti kati ya risasi za kweli bila mwanafunzi kujua, na mtutu unaotumbukia chini pasipo mlio wowote huwaonyesha wote wawili kile ambacho kishindo kilikuwa kikikificha.

Historia ya maeneo haya ina mfano mkubwa wa faida ya teke dogo, ingawa ni mfano unaoumiza kuusoma. Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880 na kupata jina la utani kutokana na eneo la Karamoja nchini Uganda, aliwinda tembo huko na katika Eneo la Lado, kipande cha ardhi kaskazini-mashariki mwa Kongo kilichokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hadi alipokufa mwezi Desemba 1909. Wawindaji wenzake walibeba bunduki nzito zenye teke linaloweza kuzidi joule 100, wakiamini kwamba mnyama mkubwa hudai mlipuko mkubwa, lakini Bell aliwaua wengi kati ya tembo wake zaidi ya 1,000 kwa bunduki ya milimita 7 yenye teke la kadiri ya joule 17, baada ya kupasua mafuvu ili ajue hasa ubongo ulipo. Mauaji hayo ni sehemu ya maangamizi yaliyowamaliza tembo katika sehemu kubwa ya ukanda huu na hayastahili sifa. Kinachobaki ni ushahidi kwamba usahihi wa mtu asiyeogopa silaha yake hushinda ukubwa wa mlipuko, na ushahidi huo una maana mahususi katika jimbo ambalo Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, imo katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 1997. Katika nchi yenye sokwe wakubwa na sokwe mtu wanaoishi jirani na mashamba, kila marisau yaliyopigwa na mtu aliyefumba macho yana uwezekano wa kumfikia kiumbe asiyelengwa, na ndani ya mwili wa mnyama huyo huweza kuacha kidonda kitakachomuua taratibu.

Uthibitisho mwingine ulitolewa hadharani katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, ambapo Zhang Shan, mwanamke kutoka China, aliwashinda wanaume katika shindano la kupiga visahani vya udongo lililokuwa wazi kwa jinsia zote, akivipiga visahani vyote 200 vya hatua za awali. Katika michezo iliyofuata ya mwaka 1996 wanawake hawakuruhusiwa tena kushiriki shindano hilo, na lile la kwao wenyewe lilianzishwa mwaka 2000. Mwili wa mwanamke haukuwa kizuizi Barcelona, na kanuni za sasa za mchezo huo zinazomzuia mpigaji yeyote kuzidisha gramu 24 za marisau zinaonyesha kwamba hata mabingwa wa dunia hawahitaji mzigo mkubwa kuvunja kisahani kinachokimbia.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao mwandishi yeyote wa Kivu hana haki ya kuuficha. Bunduki ya kivita ya aina ya AK, kwa uzito wake wa zaidi ya kilo 4 na risasi yake ya gramu 8 hivi, ina teke lisilofika joule 10, chini ya nusu ya lile la bunduki ya kanga, na ripoti ya Graça Machel kwa Umoja wa Mataifa ya mwaka 1996 ilieleza jinsi silaha nyepesi na rahisi kutumia zilivyowezesha watoto kugeuzwa wapiganaji. Thomas Lubanga, aliyewatumia watoto wa chini ya miaka 15 vitani Ituri, alikuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, tarehe 14 Machi 2012, na hapa Bukavu shirika la BVES la Murhabazi Namegabe limefanya kazi ya miaka mingi ya kuwatoa watoto mikononi mwa makundi yenye silaha. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamkataza kila mtu kumwandikisha mtoto katika jeshi au kundi la kivita. Kwa hiyo vitabu vya nchi nyingine vinavyofundisha jinsi ya kufupisha kitako kwa ajili ya mtoto wa miaka 10 au 12 havina nafasi katika jimbo hili, hata kama nia ya walioviandika ni ya uwindaji wa familia, na seremala anayeombwa kukata kitako hadi sentimeta 28 anapaswa kuuliza kinakwenda begani mwa nani, na kukataa.

Kwa mtu mzima aliyepimwa na kukatiwa, jaribio la mwisho hufanyika mbele ya karatasi kubwa nyeupe yenye doa jeusi katikati, iliyotundikwa mita 15 mbele na kingo ya udongo nyuma yake, mahali palipo mbali na makazi na panaporuhusiwa. Mpigaji huinua bunduki huku macho yake yakiwa kwenye doa, si kwenye mtutu, na kufyatua mara tu kitako kinapogusa bega, kisha hurudia mara tano au sita kwa risasi za gramu 24, akipumzika kati ya moja na nyingine ili bega lisichoke. Kwa umbali huo, kila sentimeta mbili na nusu ambazo kitovu cha matundu kimekwenda juu au chini ya doa huonyesha kosa la milimita moja na nusu hivi kwenye mgongo wa kitako, juu kukiwa na maana kwamba mgongo umeinuka mno, na chini kukiwa na maana kwamba unahitaji kuongezewa ngozi. Mpangilio wa matundu ukitawanyika huku na huko bila kitovu, tatizo liko kwa mpigaji na siyo kwenye mbao, na msumeno hauna budi kusubiri mpaka woga uondoke kwa risasi nyepesi na mazoezi ya bunduki tupu.